Mama Mkwe Ndani ya Fremu

Mama mkwe alipokaribia kutimiza miaka 70, kikao cha familia kilipitisha kijitabu cha shukrani, ukubwa wa A5. Mke wangu akasema tukipeleke steshenari wakakipange. Nikamkatiza: "Pesa za nini? Ipo Scribus, programu ya bure." Akanitazama kwa jicho lile la siku nilipojitolea kutengeneza bomba la jikoni.

Usiku ule nikachora fremu ya picha kwenye jalada, nikaingiza picha ya mama mkwe. Likatokea pazia na sikio moja. Nikaivuta fremu kwa kona, likaongezeka pazia. Saa mbili zilipita ndipo nikafahamu kwamba kwenye Scribus fremu ni dirisha tu, nayo picha ina ukubwa wake nyuma yake. Kupanua dirisha hakumsogezi aliyesimama nje.

Nikatafuta pa kuiamuru picha ienee kwenye fremu. Ikaenea kweli! Ila nilikuwa nimeondoa alama ya kulinda uwiano, na mama mkwe, ambaye tangu nimjue ni mwembamba kama ufito, akatanuka mpaka mabega yakagusa kingo za ukurasa. Nikamchapa kwa printa ya nyumbani nione. Mwanangu akakodoa macho: "Baba, huyu bibi au kabati?" Mke wangu hakusema kitu. Aliinuka akaenda kukagua bomba.

Nikairudisha ile alama, bibi akarudi kuwa bibi. Asubuhi nikanakili faili kwenye flashi, nikaenda steshenari kifua mbele. Kijana wa pale akalifungua: maandishi yapo, fremu zote tupu.

"Mzee, picha umeziacha nyumbani."

Kumbe Scribus haimezi picha. Inakumbuka tu zilipohifadhiwa. "Ungeleta PDF," akaniambia, "zingekuja humo humo." Nikarudi nyumbani, jua la saa saba likinisindikiza.

Safari ya pili picha zikaonekana, lakini kijana akatikisa kichwa. Picha ya jalada tuliipokea kwa simu, ikiwa na upana wa pikseli 600 tu. Mimi nikaitandaza sentimita 12, yaani pikseli 127 kwa kila inchi, ilhali chapa safi hutaka kama 300. "Usipotaka ukungu, Mzee, iwe sentimita tano." Ikawa tano.

Siku ya sherehe mama mkwe alikipokea kijitabu, akakisogeza karibu na macho kumtafuta aliyekuwemo, akashukuru kwa adabu. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Lile kabati! Alikuwa ameliokota kwenye kapu la taka.

"Mkwe wangu," akasema, "hii nikirudi kijijini naitundika ukutani. Wajue huku mjini nalishwa."