Sifa za Klachi Inayoteleza

Watu wasio na shukrani huiita ugonjwa. Mwendesha bodaboda akifika kijiweni na pikipiki inayonguruma bila kwenda, wenzake humpa pole za msibani, na fundi huanza kupiga hesabu kichwani kabla hata hajashika spana. Hakuna anayefikiria kuipongeza. Mimi naona klachi inayoteleza imeonewa vya kutosha, na kwa kuwa watetezi wake ni wachache, acha nijitolee.

Nianze na ukoo, maana asiye na ukoo hasifiwi. Klachi ninayoisema ni ya jamaa wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wake waliibuni makusudi kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki hubadilisha oili siku akikumbuka, na hukumbuka siku akitaka kuiuza. Wakaachana na kamshafti ya juu, wakarudi kwenye vijiti vya kusukuma valvu: mtindo wa kizamani, lakini mvumilivu. Baadaye China wakainakili injini hiyo kwa wingi, na nakala zake zikatufikia hadi vijijini ambako basi halifiki. Kwa hiyo klachi yetu ina ndugu karibu kila kijiwe.

Makao yake ni upande wa kulia wa injini, nyuma ya kifuniko. Humo zimepangwa pleti za aina mbili zikipishana, ya msuguano, ya chuma, ya msuguano tena, zote zimeloa oili. Za msuguano hushikwa na hausingi inayozungushwa na injini. Za chuma hushikwa na kitovu kinachopeleka nguvu kwenye gia. Spring nne huzibana. Hakuna gundi baina yao wala meno. Unene wa pleti za msuguano ukilika, au spring zikichoka, kila upande hushika njia yake: injini inakwenda Lushoto, pikipiki inabaki Mombo.

Na hapo Mombo ndipo fadhila zake huonekana vizuri. Barabara inaanzia kwenye joto la bondeni, mita kama 400 kutoka usawa wa bahari, na ukifika Lushoto umeshapanda hadi karibu 1,400, kona juu ya kona, mwamba mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Mpe mwendeshaji mfuko wa saruji wa kilo 50 na abiria mmoja mwenye haraka. Mahali fulani kabla ya mji mdogo wa Soni ataongeza moto. Injini itapiga resi mpaka mbuzi walio kando ya barabara watatawanyika, huku mshale wa spidi ukitulia kwenye 30, kisha ukirudi taratibu kwenye 25. Injini inaahidi kama mgombea jukwaani, na tairi la nyuma, ambalo ndilo mpiga kura, halijashawishika.

Niambieni ni kifaa gani kingine kwenye pikipiki kuukuu kina ukweli wa namna hiyo. Geji ya mafuta ilianza kusema uongo mwaka wa kwanza. Taa ya nyutro huwaka gia ikiwa imo. Indiketa inaonyesha kulia tangu mwezi uliopita. Klachi peke yake ndiyo hutoa taarifa kamili za hali ya nyumba yake, tena kwa sauti ambayo hata abiria asiyejua gia huielewa, akauliza, “Kaka, mbona tunapiga kelele tu?”

Tena ni mpole. Mnyororo hukatika bila hodi. Tairi hupasuka bila miadi. Breki nisizitaje, maana barabara hiyohiyo ina mteremko wa kurudi. Klachi huaga kistaarabu. Siku ya kwanza huteleza mara moja tu, gia ya juu, mlimani, injini ikiwa imechemka, kiasi kwamba mwendeshaji hujiambia ni upepo. Kisha gia ya tatu. Kisha hata tambarare, wakati wa kulipita lori. Mwishowe hutoa harufu ya kuungua ambayo ukishaijua hutaisahau. Nani mwingine hukupa notisi ndefu hivyo? Mwenye nyumba hatoi.

Abiria nao wangekuwa na adabu wangeichangia. Sheria inakataza mshikaki wa abiria, na kila mtu anajua jinsi sheria inavyotekelezwa na jinsi inavyomalizwa pembeni ya barabara. Klachi inayoteleza haina kofia nyeupe wala kitabu cha risiti, na haiulizi, “Sasa tunafanyaje?” Watu watatu wakipanda, haiendi. Wa nyuma kabisa atashuka, na akishuka bado haiendi, wa kati naye atashuka, na wote wawili wataufuata mlima kwa miguu wakiijadili serikali, jambo lenye afya kuliko kubanwa katikati ya migongo miwili.

Imefanya kazi hata katika elimu ya watu wazima. Kuna waendeshaji ambao hawajawahi kusoma maandishi ya nyuma ya chupa ya oili. Hununua iliyo rahisi, mara nyingi ya gari, na baadhi ya oili za gari zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Kwenye gari, hilo ni jema, kwa sababu klachi yake ni kavu na iko mbali na oili hiyo. Kwenye pikipiki pleti zinaogelea humohumo, na kupunguziwa msuguano ndiyo kifo chao. Wajapani waliona shida hii, na mwaka 1998 wakaweka kiwango cha JASO, ambacho herufi zake MA humaanisha kwamba oili inafaa klachi inayoloa. Herufi mbili hizo zimeandikwa kwa udogo wa kutia machozi. Lakini mtu aliyebadilisha pleti mara mbili kwa oili ya gari huzisoma bila miwani, gizani.

Nisiache mchango wake katika mazungumzo ya kikazi. Asubuhi moja kijana anampigia mwenye pikipiki simu: “Shikamoo bosi. Leo hesabu haipo. Klachi imeisha.” Kimya kidogo. “Si tulibadilisha juzi?” Hiyo juzi ni mwaka juzi, na wote wawili wanajua. Bila klachi watu hawa wasingezungumza lolote zaidi ya elfu ngapi na saa ngapi.

Lakini mafundi ndio wanaodaiwa shukrani kubwa zaidi, kwa sababu klachi huwachuja. Fundi wa kweli haanzi na kifuniko. Huushika mkono wa klachi kwenye usukani, akautikisa kwa kidole kimoja, akitafuta ule uhuru wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla waya haujakaza. Usipokuwepo, klachi saa zote inakuwa imeshikwa nusu, na dawa ni kulegeza nati ya kurekebishia, ile ya juu kisha ya chini, dakika tano, na huenda akakataa hata pesa ya soda. Fundi wa pili huleta msasa, akazikwaruza pleti za chuma, akaongeza washa chini ya spring. Inakwenda, siwezi kukataa. Mkono wa klachi nao unakuwa mgumu kiasi kwamba mwendeshaji hupata vidole vya kushoto vya mcheza mieleka, na vya kulia vikabaki vya karani.

Wa tatu anafungua. Anamwaga oili, anailaza pikipiki ubavu wa kushoto, anatoa kifuniko polepole akiomba gasketi isichanike, na huchanika. Bolti nne za spring hutoka kwa kupokezana, hii kidogo, ile ya mkabala kidogo. Kwenye injini nyingi za ukoo huu kitovu hushikwa na nati yenye mapengo manne, inayodai soketi yake maalumu. Kando ya barabara soketi hiyo inaitwa tindo na nyundo. Halafu pleti zinalala juu ya gunia. Za msuguano zimebaki laini na nyeusi, vijumba vyake vimefutika. Moja ya chuma ina doa la buluu lililoachwa na moto, na fundi akiiweka juu ya kipande cha kioo inacheza upande mmoja, maana imepinda. Pembeni, pleti mpya zimekuwa zikilala kwenye bakuli la oili tangu jana usiku, kwa kuwa pleti kavu ikianza kazi huungua kabla ya kulowa. Kila spring inalinganishwa na mpya. Iliyofupika inawekwa kando. Kisha kila kitu kinarudi kilivyotoka, bolti zinakazwa kwa msalaba, bila hasira, na oili inamiminwa yenye zile herufi mbili.

Jioni pikipiki inapanda Soni kwa gia ya tatu, abiria wawili nyuma, mfuko wa saruji mbele. Zile pleti kuukuu hazikutupwa. Fundi alizifuta kwa kitambaa, akazifunga kwenye gazeti, na mtu wa kijiwe cha pili ameshaulizia bei.