Mashine ya Mguu Mrefu

Imani alipokubaliwa kwenye mbio za watoto kwa boti zenye mashine ya nguvu za farasi 15, boti tulishaipata, kuukuu lakini nzima. Mashine ndiyo iliyotuletea maneno nyumbani kwetu Västerås.

Baba Imani alimpigia simu kaka yake Ukerewe, mvuvi wa sangara tangu ujana. Shemeji hakusita: chukua ya mguu mrefu, pangaboi lizame vizuri, na iwe ile isiyochanganywa oili kwenye petroli, maana haili mafuta. Kwa boti yake ya mbao, inayopigwa na mawimbi ya Ziwa Victoria, anasema kweli kabisa. Lakini hii ya Imani ina matumbo mawili membamba, na katikati yake handaki la hewa. Ikishika kasi, hewa inajaa humo na kuinyanyua, ikabaki inagusa maji kwa nyuma tu. Pangaboi linatakiwa kukata maji karibu kabisa na uso wa ziwa. Kila kilo ya ziada nyuma, na kila sentimita ya mguu inayozama bure, inaivuta chini.

Mashine ikaja, ikalazwa koridoni juu ya kabati la viatu, ikidondosha oili kwenye buti za watoto. Nikachukua utepe wangu wa kushonea. Ubao wa nyuma ya boti ulitaka mguu wa sentimita 38; huu ulikuwa wa 51. Uzito nao ulipita kilo 50, wakati ya kuchanganya oili, nguvu ileile, ina kilo 36 hivi.

"Baba Imani, hii si ya boti hii."

"Tutainyanyua, Mama Imani."

Akauchukua ubao wangu wa kukatia mboga, wa mninga, niliokuja nao kutoka Mwanza. Akaukata vipande, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavikaza kwa boliti juu ya ubao wa nyuma ya boti.

Kwenye Ziwa Mälaren boti ilitoka kwa uzito, pua juu, nyuma imekaa. Imani akaongeza moto. Mninga ukapasuka kwa mlio mkavu, mashine ikalala ubavu, ikining'inia kwa mnyororo. Moyo ulinipasuka. Lakini mtoto aliivuta kamba ya kuzimia aliyofungwa mwilini, kama alivyofundishwa, na mashine ikanyamaza.

Usiku ule shemeji aliomba picha ya boti, kwanza ya nyuma. Akaitazama, kisha akasema, "Mdogo wangu, hii inataka mguu mfupi na mwepesi. Huo mrefu niletee mimi."

Tukautuma kwa kontena. Sasa tuna ya kilo 36, iliyotumika, na kazi iliyobaki ni kimo. Ikishushwa, boti inakuwa nzito. Ikipandishwa mno, maji ya kupoza hayafiki na mashine inachemka. Imani huchungulia kwanza kitundu cha maji. Kikitema vizuri, ndipo anamruhusu baba yake akaze.