Namna ya Kupata Ushauri wa Kununua Laptopu Ukiwa Old Moshi

Kwanza, subiri Desemba. Mwezi huo Wachagga wanarudi nyumbani, na kila kihamba kuanzia Kiboriloni hadi Kidia kinapata mtaalamu wake wa kompyuta kutoka Dar es Salaam. Usimuulize huko mjini anafanya kazi gani. Mbege ikishazunguka mara ya pili, atakushauri ununue laptopu kama aliyonunua yeye, kwa kuwa hakuna anayekubali mbele ya mashemeji kwamba alipigwa.

Pili, shuka Moshi mjini ukamtafute winga. Winga hana duka lakini maduka yote anayajua. Atakuita Mangi, atakuahidi bei ya nyumbani, kisha atakupeleka kwa rafiki yake, ambako bei utakayotajiwa imeshabeba cha juu chake. Usimuonee wivu, kutembea juani nako ni kazi.

Tatu, soma stika, usisome kingine. Mtu wa mlimani aliyekulia kwenye kahawa anajua kwamba AA ni daraja la ukubwa wa punje. Ladha haijulikani mpaka mwonjaji aionje kikombeni. Hekima hiyo iache shambani. Ukiona Core i7, toa hela. Tarakimu zinazofuata zitakuharibia furaha: i7-2620M ni ya mwaka 2011 na ina viini viwili tu vya kuchakata kazi, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017, yenye stika ya kinyonge, ina vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, na kuanzia kizazi cha kumi zinakuwa mbili. Wauzaji wengi hawapendi mazungumzo ya vizazi.

Nne, betri iamini kwa maneno. Ukiambiwa inakaa saa nne, itikia, hasa kama mashine imechomekwa kwenye umeme tangu duka lifunguliwe. Kuna wateja wakorofi wanaofungua kile kidirisha cheusi cha amri na kuandika powercfg /batteryreport, wakapata ripoti inayoonyesha betri ilibeba chaji kiasi gani ilipokuwa mpya na leo inabeba kiasi gani. Wateja wa namna hiyo hupunguziwa bei, na urafiki huishia hapo hapo.

Tano, usiulize habari za Windows. Ni kweli kwamba Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, kwa kawaida, kizazi cha nane. Lakini kijana wa dukani ameshaisukumiza Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha nne, na anakuapia kwamba inapiga kazi. Itapiga, mpaka siku toleo jipya litakapokataa kuingia.

Sita, ukiulizwa kama unataka bei ya risiti au isiyo na risiti, chagua isiyo na risiti. Risiti ya EFD ina tarehe, jina la duka na kiasi ulicholipa, yaani kila kitu kitakachokusumbua kukumbuka. Dhamana ya mdomo ni nyepesi zaidi kubeba. Siku kioo kitakapoanza kuchora mistari, utarudi dukani umkute kijana mwingine ambaye hajawahi kukuona.

Ukishindwa kufuata mwongozo huu, iko njia ya watu wagumu. Tafuta fundi anayefungua mashine kila siku, na ambaye kabla ya kutaja jina lolote la laptopu atakuuliza unataka kuifanyia kazi gani. Mwalimu anayetunga mitihani na kuchapa barua za kikundi anatosheka na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Anayehariri video za harusi ana mahitaji mengine kabisa. Mkubaliane ujira wake waziwazi kabla hamjaingia dukani, kisha mwache aiwashe mashine, aichomoe kwenye umeme na kuikagua bila haraka.

Ushauri wa bure dukani mara nyingi umeshalipiwa na muuzaji. Mlipe fundi wewe, na usiondoke bila risiti ya laptopu.