Furukombe Aliyegeuka Bata

Fedheha inayochelewa kupoa karakanani ni ile inayotokea mbele ya mteja, pale vipande vya mbao vilivyokatwa na mashine yenye sifa ya kutokosea vinapopangwa mezani na kugoma kuoana. Ndivyo ilivyokuwa Sumbawanga juma hili kwa picha ya furukombe iliyoagizwa na kamati ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu, na kwa kuwa kidonda bado kibichi, sababu zake zinastahili kuchambuliwa kwa utulivu ambao siku ya tukio haukuwapo.

Intasia ni sanaa ya kuunda picha kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali, vinavyokatwa kwa umbo, kupigwa msasa kimoja kimoja ili vingine viinuke na vingine vizame, kisha kugandishwa ubavu kwa ubavu. Ni jamaa ya njumu za pembe na mifupa zilizopamba viti vya enzi vya pwani, ila hapa rangi hutoka kwenye mti wenyewe, na fundi anayeheshimu kazi hii hagusi kopo la rangi. Furukombe ni kama aliumbwa kwa ajili yake: kichwa na kifua cheupe ni mpaini, tumbo la hudhurungi ni mninga, mbawa nyeusi ni mpingo.

Kazi huanzia kwenye kompyuta. Programu ya kuchorea, mathalani Inkscape, hutoa mistari. Programu ya pili huigeuza mistari hiyo kuwa njia ya kupita biti, yaani kisu kinachozunguka, na kuiandika kwa msimbo wa G, ambao ni orodha ndefu ya maagizo ya nenda hapa, shuka kiasi hiki, kata hadi pale. Tatizo lenyewe, ambalo ni tamu kulifikiria mtu akiwa hana mteja mlangoni, ni kwamba mstari wa kwenye kioo hauna unene, ilhali biti inao. Biti ya milimita 6 ikipita juu ya mstari, kila kipande hupoteza milimita 3 na majirani wawili huachana kwa milimita 6. Kwa hiyo programu huamriwa kuisogeza biti nje ya mstari kwa nusu ya kipenyo chake, na hapo wengi hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu biti ni duara na duara haliingii konani. Kona inayochomoza hutoka kali kama ilivyochorwa, lakini inayoingia ndani hubaki na mviringo, na kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo biti inavyosimama mbali nayo: kwenye kona ya nyuzi 30, mbao isiyokatwa inayobaki nchani huzidi milimita 8. Manyoya ya bawa ni kona za namna hiyo tupu. Mpingo ulitoka na ncha kali kama mishikaki, mninga ukatoka na mapengo ya mviringo, na vyote viwili vilikuwa vimetii mchoro uleule.

Tiba zipo. Biti nyembamba hupunguza kasoro, ila mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, huivunja kwa mlio mdogo usiolingana na bei yake. Patasi nayo huweza kulichonga pengo hadi likawa kali, mradi pawe na subira. Palipokosekana subira, ncha za manyoya zilipigwa tupa zikawa butu. Mwenyekiti wa kamati alipofika aliizunguka meza, akainama, akauliza kwa upole unaouma kuliko tusi, “Fundi, huyu bata ni wa aina gani?” Mjumbe aliyefuatana naye akaona amtetee fundi: “Mama Mwenyekiti, huenda ni kanga.”

Kisha mwenyekiti akaomba punguzo kwa hoja kwamba iliyokata ni kompyuta. Hoja hii, inayosikika hata wateja wanaponunua milango iliyokatwa kwa CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, haina ucheshi wowote. Kompyuta haikununua mninga, haikupiga msasa, na umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipofikia, kipande kinageuka kuni, na hasara haina mwingine wa kuibeba isipokuwa fundi. Ufipa, eneo ilipo Sumbawanga, si mgeni wa teknolojia: wazee wake waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mvukuto, wala hazikungoja laini irudi. Haielekei kwamba aliyenunua jembe zama hizo alidai apunguziwe kwa kuwa uliofanya kazi ni moto.

Mikasa mingine ni midogo. Jicho la korongo, lililokatwa bila kuachiwa vishikizo vya kulibakiza kwenye ubao, lilirushwa na biti hadi barabarani na halijapatikana. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika, aliyechorwa kwa inchi 12 ilhali mashine imeamriwa G21, yaani milimita, badala ya G20, yaani inchi, alitoka na urefu wa milimita 12, akanunuliwa siku hiyohiyo awe hereni, na mnunuzi akarudi kesho yake kudai wa sikio la pili.