Mirathi Isiyo na Maiti

Kituo cha simu ninachokisimamia hapa Mombasa kinawapokelea simu matajiri kadhaa wasiojuana, miongoni mwao duka la mazulia la Maskati, bima ya mazishi ya hapa hapa pwani, na wakala wa safari aliyeko London, nao wote wamewekwa ndani ya programu moja kama wapangaji wa nyumba yenye uani mmoja, ambamo kila mtu ana ufunguo wake, walakini akaangaye samaki hana uwezo wa kuizuia harufu isiingie kwa jirani.

Watengenezaji wa programu hiyo walituahidi kwamba siri za mmoja hazitamfikia mwingine, na kwa insafu hawakusema uongo: kila simu, kila rekodi na kila jina la mnunuzi hutiwa alama ya mwenyewe, hata mhudumu wa bima hawezi kuliona deni la zulia la mtu wa Maskati ajapotamani. Kadhalika nyakati zote huhifadhiwa kwa majira mamoja ya dunia, yasiyojua kiangazi wala kipupwe, kisha kila mteja huonyeshwa saa ya mji wake. Ni utaratibu mzuri, ila una mlango wa nyuma: mpangaji mpya ambaye fomu yake haikujazwa yote huyarithi yaliyopungua kutoka kwa waliomtangulia. Sisi tumezoea kwamba mirathi humngoja maiti, tena hugawanywa mbele ya kadhi. Hii haimngoji yeyote.

Basi duka la mazulia liliposajiliwa mwezi wa Januari, fundi wa kompyuta, kijana hodari ambaye adhuhuri hiyo alikuwa na hamu kubwa ya pilau, aliacha nafasi mbili tupu. Ya salamu ikarithi sauti ya bima. Ya saa ikarithi California, ilikotoka programu yenyewe. Mashine, iliyoamriwa kuwauliza wanunuzi kama wameridhika baina ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ikaiendea kazi yake kwa adabu zote, na ilipotimu saa tisa alasiri ya California ikampigia mzee mmoja wa Maskati, ambako ilikuwa saa tisa ya usiku.

Asubuhi niliisikiliza rekodi.

“Assalaam aleikum,” yasema sauti laini ya kike. “Hapa ni bima ya mazishi. Pokea pole zetu.”

“Inna lillahi!” akajibu mzee kwa Kiswahili cha Unguja, maana Maskati haikosi watu waliokulia Zanzibar. “Nani kafa, mwanangu?”

“Kama umeridhika na huduma yetu, bonyeza moja.”

“Niridhike na nini, nawe hujanambia aliyekufa?”

“Samahani, jibu lako halikueleweka.”

Kwa mbali bibi akasikika akianza kulia, kabla hajajua amlilie nani.

Hata alfajiri ikaingia, mzee alikuwa amekwisha kuwapigia jamaa zake wote wa Unguja, akawakuta wazima, pamoja na shemeji ambaye kwa muda mrefu walikuwa hawasemezani. Nilipompigia kumtaka radhi hakunigombeza; aliniuliza tu zulia lake lililopungua dhiraa nzima litabadilishwa lini.

Fundi aliitwa, akasahihisha kwa namna yake: badala ya kuuandika mji wa Maskati, aliandika kwamba wametutangulia saa moja, na kwa pupa ya kutengeneza akaandika pia kwamba London iko nyuma yetu saa tatu. Kwa Oman hesabu hiyo haina taabu, kwani saa zao hazibadiliki mwaka mzima. Waingereza lakini huzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na tangu siku hiyo ofisi ya wakala, ipasayo kufunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa za huko, inafunguliwa saa nne, na wapigao kabla ya hapo huambiwa kwa heshima kubwa kwamba bado ni mapema. Nimemtaka fundi aandike jina la mji, naye hunijibu kwamba tusihangaike, maana mwishoni mwa Oktoba hesabu itakuwa sawa yenyewe. Ni kweli, itakuwa sawa, kwa miezi mitano.