Sifa za Mheshimiwa Uozo, Mkazi wa Tezi

Bahari haijapata kukosa wasifiaji. Nahodha husifiwa, tanga husifiwa, na nguru husifiwa hata akiwa sahanini na ndimu juu yake. Mashine ya boti nayo hupigwa picha, ikafutwa kwa kitambaa kisafi kuliko shati la mwenyewe. Lakini yuko mtumishi mmoja aliye kazini usiku na mchana, kusi na kaskazi, hana mshahara, hana likizo, hajawahi kugoma, na sijasikia mtu akimtaja ila kwa matusi. Namzungumzia Mheshimiwa Uozo, anayeishi ndani ya ubao wa tezi, ule unaobeba mashine. Ni haki naye apate wa kumsema vizuri. Wenye boti za faiba waniwie radhi, kwani wao ndio wenyeji wake, na baadhi yao hawajajua bado kwamba wana mgeni.

Kwanza tumsifu kwa kuchagua makazi. Watu wengi hudhani boti ya faiba ni faiba tupu toka omo hadi tezi. Si kweli. Katika boti nyingi, pale nyuma mashine inapofungwa, mtengenezaji huweka plaiwudi, mara nyingi vipande viwili vilivyobandikwa pamoja hata vikafika unene wa milimita 36 hadi 40 hivi, kisha akavivisha faiba ndani na nje. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, na haitulii: inasukuma, inatetemeka, inaruka kwa kila wimbi, na kazi yote hiyo huishia kwenye ubao ule. Mheshimiwa angeweza kukaa kwenye kiti cha abiria au chini ya sanduku la barafu. Alikwenda moja kwa moja mahali ambapo chombo kizima kimeegemea, akafunga mlango. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi; najua watu waliotamani kujua kukaa namna ile.

Halafu ana adabu. Havunji mlango wa mtu. Huingia kwa milango tuliyomfungulia wenyewe: matundu manne ya bolti za mashine, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu mbili ndogo za kifaa cha kupimia kina, skrubu za ngazi, skrubu za kishikio cha fimbo ya kuvulia. Kila tundu tulilitoboa kwa nusu dakika, tukasema tutaliziba kesho. Yeye akangoja hiyo kesho kwa subira ambayo mashehe na mapadri hutuhubiria kila wiki bila mafanikio.

Hapa sharti niitetee bahari, maana imebebeshwa lawama isiyo yake. Utasikia mtu anasema, "Maji ya chumvi yameila boti yangu." Chumvi itakula chuma na aluminiamu, hilo halina ubishi, lakini fangasi wanaoozesha mbao hawaipendi. Wajenzi wa meli za mbao huko Ulaya na Marekani walikuwa wakishindilia chumvi katikati ya mataruma makusudi, ili mbao zidumu. Kinachomlisha Mheshimiwa ni mvua, na Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ndiyo maana boti ya mvuvi inayotoka kila alfajiri hukawia kumpata, ilhali ile ya tajiri, iliyoegeshwa chini ya mwarobaini toka sikukuu ya mwaka juzi, turubai limechanika na kizibo kimebaki kimefungwa, yeye ameshaigeuza kasri.

Masharti yake si makubwa. Ubao ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20, amelala. Ukikaribia 30, yuko kazini. Zaidi ya hapo anahitaji joto la wastani, tulilo nalo bure, na hewa. Hili la hewa ndilo linaloonyesha kwamba ana ucheshi. Mwaka 1628 manowari kubwa ya mfalme wa Sweden, Vasa, iling'oa nanga, nayo ikapinduka na kuzama katika bandari ya Stockholm safari yake ya kwanza, haijafika popote. Ilipoibuliwa mwaka 1961, mbao zake zilikuwa bado zimeshikana, na leo imesimama ndani ya jumba la makumbusho. Maji ya Baltiki ya pale, yenye chumvi haba, hayana wale viumbe watoboao mbao, na matope yalimnyima Mheshimiwa pumzi. Sasa itazame Queen Charlotte ya Waingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1810: haikuzama, ilikuwa haijapigana bado, ilioza tu bandarini, ikabidi ifumuliwe na kujengwa upya kabla ya kutumika. Miaka ya 1680 Samuel Pepys, msimamizi wa jeshi la majini la mfalme huko huko Uingereza, aliingia ndani ya meli mpya za kivita akakuta uyoga wa ukubwa wa ngumi zake. Kumbe anayetaka chombo kidumu akizamishe, na anayetaka kioze akiegeshe vizuri. Wala habagui. Aliyoyatenda kwenye meli za mfalme ndiyo anayoyatenda kwenye boti ya futi 16 pale Msasani.

Ila sifa ninayoiweka mbele ya zote ni ukweli wake. Katika biashara ya boti kuukuu kila kitu kinaweza kusema uongo. Rangi husema uongo, vibandiko vipya vya pembeni husema uongo, na muuzaji, Mungu amsamehe, anaapa kwamba mashine "imetembea kidogo tu". Mheshimiwa peke yake hawezi kununuliwa. Inamisha mashine, shika mguu wake wa chini, utikise juu na chini huku mwenzako akiangalia: kama ubao unapumua, amekujibu. Tafuta nyufa nyembamba kwenye kona za kile kisima mbele ya mashine. Ukitaka maandishi kabisa, toboa tundu la milimita 5 kwa ndani, utazame kinachotoka kwenye keekee. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni heri. Unga mweusi, mbichi, wenye harufu ya kabati la bibi lililofungiwa, basi umepokelewa rasmi.

Mafundi hawahitaji hata keekee. Nilimwendea mmoja, mzee wa faiba wa siku nyingi, nikamwamkia, naye akaanza kugonga ubao kwa mpini wa bisibisi, polepole, toka juu kwenda chini.

"Unasikia, mwanangu?"

"Sisikii kitu, mzee wangu."

"Ndiyo hivyo. Ungekuwa mzima ungekuitikia."

Muuzaji aliyesimama karibu alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga. Bei ilishuka kabla simu haijaisha. Niambieni ni dalali gani mwingine anayeweza kupunguza bei ya kitu hadi nusu bila kufungua mdomo, tena asidai chake. Boti nyingi zilizowahi kubeba watalii na wapiga mbizi zingebaki milele mali ya wenye nafasi kama Mheshimiwa asingezipitia. Anazila taratibu, mwenye boti anachoka, anaziuza kwa hasira, na kijana mwenye nyavu anajipatia chombo. Nimesikiliza hotuba nyingi kuhusu kugawana keki ya taifa. Huyu hagawi hotuba.

Na ajira je? Siku ubao unapofunguliwa, uwanja mzima unapata riziki. Vijana wanne wa kuinua mashine kwa mnyororo chini ya mwembe. Mwenye grainda. Mama wa chai na vitumbua. Duka la resini, duka la msasa, na duka la barakoa zinazokatika uzi kabla ya adhuhuri. Fundi hukata ngozi ya ndani ya faiba na kuiacha ile ya nje, iwe kalibu ya ubao mpya. Vumbi la kazi hiyo ni upupu wa kiwandani: huingia shingoni, huingia kwenye viwiko, na ukioga maji moto umelialika ndani zaidi. Kisha ngozi inabanduka, na unamwona Mheshimiwa ana kwa ana.

Nakiri nilistaajabu. Kazi yake ni safi. Amekula mbao yote akaacha gundi, maana gundi ya plaiwudi nzuri hustahimili hata maji ya kuchemka. Basi unaichambua tabaka kwa tabaka kwa vidole, katikati kukiwa na tope jeusi tu. Unachota kwa mkono, unachota kwa kopo, unadhani utamaliza kabla ya chakula cha mchana. Ndipo unapofika kwenye kona ya chini. Pale huwa ameacha kipande kimoja kizima, kigumu, kilichong'ang'ania faiba kwa moyo wote, kinachotaka patasi, nyundo na saa mbili za kumtaja Mungu. Anajua kwamba bila kona ile fundi angesema kazi ilikuwa rahisi.

Kurudisha ubao mpya ni somo jingine alilotuachia. Unachora kalibu kwenye boksi la katoni, unakata plaiwudi. Ile ya kweli ya baharini, yenye kiwango cha BS 1088, haina mashimo katika tabaka zake za ndani. Ile ya bei poa ina mashimo hayo, nayo ni vyumba vya wageni vilivyokwisha kuandaliwa. Lazima iwe kavu, kavu kweli. Resini ya poliesta haishiki mbao mbichi, na hata kwenye kavu epoksi huishinda kwa kung'ang'ania, ingawa bei yake humfanya mwenye boti amtazame fundi kana kwamba ndiye aliyeipanga. Hadina ya poliesta hutiwa asilimia 1 au 2 tu. Ukiizidisha saa sita mchana katika jua letu, kopo linatoa moshi mkononi na resini inaganda kabla brashi haijafika. Kona za ndani huzungushwa, kwa sababu faiba haikubali kukunjwa kwa pembe kali. Kila kanuni hapo imeandikwa na Mheshimiwa, kwa gharama ya aliyeipuuza.

Mafundi wa majahazi walimfahamu zamani, wakaishi naye kwa heshima. Chombo chao kilikuwa mbao iliyo wazi. Walikipandisha pwani, wakakipaka sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, wakatia deheni chini, na ubao uliochoka ukang'olewa mchana kweupe mbele ya watu. Sisi wa faiba tulimfunika tukadhani tumemshinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wako waliomnyima kabisa. Mwaka 2018, kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili, nalo mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hapo Mheshimiwa hana chake. Lakini jahazi lile lilijengwa ili kutukumbusha kinachotokea yeye anapokosa kazi: kandambili za miaka 20 zimejaa pwani, hazitaki kuondoka. Mwenye boti aliyechoka huiacha boti yake kwenye mikoko, na miaka kumi baadaye ganda la faiba bado lipo, limekataa kufa na limekataa kuelea. Katika chombo kizima, ni ule ubao wa tezi peke yake uliokubali kurudi udongoni. Hapa sitanii hata kidogo: namshukuru.

Ubao wetu mpya umeshafungwa, umepigwa msasa, rangi imekauka, mashine imerudi kwenye bolti zake, na matundu yote yamejazwa gundi ya baharini mpaka ikafurika. Jana mwenye boti alikuja na keekee yake na kishikio cha chupa ya soda, skrubu nne, kipendeze pale nyuma karibu na mashine. Fundi alimuuliza kama amekuja na gundi.

"Ah, mzee, hiyo nitaileta kesho."