Mjomba Nati Anajibu: Impakti Haijui Kusema Basi

Barua za wiki hii zimekuja zote na alama za grisi. Tangu impakti za betri zijae madukani, kila mwenye kidole cha kubonyeza swichi amejiita fundi, na kila fundi amejipatia tatizo jipya.

Kabla sijafungua bahasha, tuelewane. Kuna impakti ya skrubu: fupi, ina tundu la pembe sita la robo inchi, inashika biti. Kuna impakti ya nati: ina kichwa cha mraba, mara nyingi cha nusu inchi, inavaa boksi. Ndani hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mota inazungusha nyundo ndogo, nyundo inagonga fuawe maelfu ya mara kwa dakika, na kila pigo linaisukuma nati kidogo. Ndiyo maana nati iliyowashinda wanaume wawili na wili spana inafunguka huku kiganja chako hakijasokotwa. Uzuri huo ndio ubaya wake: kiganja hakisikii kinachoendelea. Wa kusema "basi" ni wewe. Sasa tusome.

Shikamoo Mjomba. Nina gereji Tabata na nimenunua impakti ya nati yenye newton-mita 700. Gurudumu nalifunga kabla mteja hajamaliza kutoa pochi. Juzi mmoja amerudi na Corolla yake, stadi mbili zimekatika, anataka nimlipe. Mimi nasema stadi zilikuwa nzee. Nani ana haki? — Nguvu Tele

Marahaba, Nguvu Tele. Mteja ana haki. Stadi zilikuwa nzee, sawa, lakini wewe ndiye uliyezichimbia kaburi.

Toyota nyingi ndogo, Corolla ikiwamo, zinataka nati za magurudumu zikazwe kwa newton-mita 103. Wewe umeshika mashine ya 700 na kidole hakina haraka ya kuachia. Nati inashika kwa sababu stadi, ile bolti inayovaa nati, imevutika kidogo na inataka kurudi ilipotoka. Ukizidisha, inavutika hadi haiwezi tena kurudi, inakonda shingoni, kisha inakatika siku ambayo mwenye gari hana habari. Na nati zikikazwa moja sana, nyingine kidogo, sahani ya breki inaweza kupinda, usukani ukaanza kutetemeka kila breki inapokanyagwa.

Fikiria pia mteja wako akipata pancha usiku, nje kidogo ya Chalinze, yuko na mama yake. Wili spana ya kwenye buti haitafungua ulichokifunga kwa mashine. Hapo utatajwa jina.

Fanya hivi. Anza kila nati kwa vidole, izunguke mara mbili tatu bila ubishi. Ikigoma, imeingia upande, itoe uanze upya. Gari likiwa juu, impakti itumike kwa kasi ya chini tu, mpaka rimu ikae mahali pake. Shusha gari. Kisha chukua spana ya torki, iweke 103, ukaze kwa mpango wa msalaba: nati hii, kisha ya upande wa pili, usifuate mzunguko. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 uzipime tena. Na kama unaingia chini ya gari, weka stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake.

Mlipe stadi mbili. Spana ya torki nayo nunua wiki hii. Mteja wa pili anaweza kurudi na wakili.

Mjomba, habari za kazi? Baba mkwe alinizawadia seti ya boksi zinazong'aa kama fedha. Nimezivalisha impakti kwa fahari. Jana ya 21 imepasuka, kipande kikapita karibu na jicho. Nikimwambia mzee zawadi yake ni mbovu, ndoa yangu itapona? — Mkwe Mwema, Arusha

Ndoa itapona, maana zawadi si mbovu. Umeipeleka vitani ilhali ilikuja harusini. Boksi zile zinazong'aa kwa kawaida ni za chuma cha kromu na vanadi: kigumu, ukuta mwembamba, kizuri kwa spana ya mkono. Kikipigwa mapigo ya impakti hakibonyei. Kinapasuka, na vipande vinaruka. Boksi za impakti ni nyeusi, ukuta wake mnene, za kromu na molibdeni, chuma kinachovumilia kupigwa.

Zirudishe za mzee kwenye spana ya mkono, na umshukuru tena. Nunua nyeusi, hata tatu tu unazotumia kila siku. Tazama pia kichwa cha mraba cha mashine: kuna kipete au kipini kidogo kinachoshika boksi. Kikichakaa, boksi inaruka yenyewe ukiwa umeinua mashine juu. Na miwani ya kazi vaa kila unapobonyeza swichi. Jicho halina spea.

Mjomba Nati, salaam kutoka Kisauni. Mimi ni fundi bati. Nimeezeka nyumba ya mtu, skrubu zote nimezipiga mpaka mashine ikalia. Mvua ya kwanza nyumba inavuja kama chekeche. Nimeongeza kukaza, inavuja zaidi. Au kuna mtu kanitupia jicho? — Fundi Juu ya Paa

Hakuna jicho hapo, ndugu yangu. Kuna kidole kizito.

Shuka na skrubu moja ya bati uitazame vizuri. Chini ya kichwa kuna washa ya chuma, na chini ya washa kuna raba nyeusi. Inayozuia maji ni ile raba. Skrubu ikikazwa sawasawa, raba inachungulia kidogo ukingoni mwa washa, pande zote kwa kipimo kimoja. Ikikazwa kupita kiasi, raba inabinuka nje, inachanika, na jua la Pwani linaikausha mpaka inabanduka. Bati nalo limebonyea kuzunguka skrubu, maji yanakaa pale pale penye tundu. Umeongeza kukaza, umeongeza madimbwi. Na skrubu ikiingia upande, nusu ya raba inapondwa na nusu nyingine haijagusa bati.

Raba zilizochanika hazitengenezwi: toa skrubu hizo, weka nyingine nene kidogo zenye raba mpya. Safari ijayo weka mashine kwenye kasi ya chini, simamisha skrubu wima, na achia swichi raba inapoanza tu kutanuka. Kama mkono wako haujazoea, tumia drili yenye klachi. Yenyewe inaachia ikifika kipimo ulichoweka. Ukimaliza, fagia chenga za chuma juu ya bati, maana zitashika kutu na kuchafua rangi. Mashine ifunge kamba kwenye mkanda wako. Watoto wa Kisauni wanacheza chini.

Mjomba, mimi niko Unguja. Nimepata impakti safi ya mtumba kutoka Japani, na chaja yake. Nimeichomeka ukutani, ikatoa moshi mara moja tu na kunyamaza. Jirani anasema ninunue ya volti 20 kwa sababu inaishinda ya 18. Nimsikilize? — Moshi Mweupe

Pole sana. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Chaja yako imekunywa zaidi ya mara mbili ya volti ilizozaliwa kuzimeza. Kabla ya kuchomeka chaja yoyote ya mtumba, igeuze usome kibandiko chake. Kama kimeandikwa 100 hadi 240, endelea. Kama kimeandikwa 100 peke yake, au 120 kwa zile za Marekani, tafuta chaja ya kampuni ileile ya umeme wetu. Betri na mashine huenda vimesalimika.

Jirani mwambie asome vizuri. Ndani ya betri zote mbili kuna seli tano zilizopangwa mstari. Kila moja ikiwa kazini ina volti 3.6, mara tano ni 18. Ikitoka kwenye chaja imeshiba inafika 4 na ushei, mara tano ni 20 na ushei. Betri ni ileile. Mmoja kaipima ikiwa kazini, mwingine ikiwa imetoka kula. Zinazotofautiana ni amp-saa: ya 5 inakaa kazini muda mrefu kuliko ya 2, na ni nzito zaidi mkononi.

Shikamoo Mjomba. Betri yangu nilinunua kwa bei ya kutupa. Sasa imevimba tumboni, na ikichajiwa inachemka. Niifanyie nini? — Mfiwa Mtarajiwa, Dodoma

Marahaba. Usiifanyie chochote chenye waya. Usiichaji tena, usiitoboe "kutoa hewa", na usiitupe kwenye shimo la kuchomea taka. Iweke nje, juu ya mchanga au sakafu ya saruji, mbali na mbao, mafuta na watoto, kisha uwapelekee wanaokusanya taka za kielektroniki. Lithiamu ikishika moto, moto wake huwashwa ndani ya betri yenyewe, na ndoo ya maji haiufikii upesi.

Betri za bei ya kutupa mara nyingi hazina, au zinayo iliyo duni, ile sakiti ya ndani inayozuia seli zisichajiwe kupita kiasi. Hata betri nzuri inaharibiwa na sisi wenyewe. Tunaiacha kwenye dashibodi mchana wa Dodoma. Tunaitoa kazini ikiwa ya moto na kuichomeka papo hapo. Iache ipoe kwanza. Tunaitupa kwenye mfuko mmoja na misumari, msumari unagusa ncha zote mbili za betri, cheche inaruka. Ivalishe kifuniko chake. Na kama huitumii mwezi mzima, usiiache tupu wala usiishindilie, nusu inatosha.

Mjomba, mume wangu ni seremala Keko. Nikimwita haitiki, na usiku analalamika vidole vinakufa ganzi. Anasema ni uchovu. Je, ana mwingine? — Mama Watoto

Ana mwingine, mama: ni ile impakti. Impakti ikigonga inafika kirahisi karibu na desibeli 100. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inakubali desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15 kwa siku. Mnunulie viziba masikio, ni vya bei ndogo. Ganzi inatokana na mtikisiko. Apumzishe mikono, abadilishane zana, atoboe tundu la mwanzo kwenye mbao ngumu ili mashine isihangaike. Vidole vikianza kuwa vyeupe, aende hospitali. Na akilalamika uchovu, usimjibu kwa hasira.

Majibu ya haraka kwa walioandika mstari mmoja

*Niisafishe kwa petroli?* Hapana, wala thina. Vinapasua plastiki. Kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, betri ikiwa imetolewa, na brashi kavu kwenye matundu ya hewa.

*Inanuka na kichwa kinachemka.* Isimamishe. Grisi ya kwenye nyundo imekauka au imevuja. Mpelekee fundi aifungue na kuipaka grisi yake, si ile ya bearing iliyobaki kwenye kopo. Kama mashine ina kaboni, azitazame kwa wakati huohuo.

*Nikazie nayo plagi za injini?* Uzi wa kichwa cha injini mara nyingi ni wa aluminiamu. Tumia mkono, au jiandae kununua kichwa.

*Je, nikibadilisha biti na swichi ikabonyezwa kwa bahati mbaya?* Chomoa betri kwanza. Kila mara, hata kama ni biti moja tu.

Mkibakiza moja tu kati ya haya yote, libakizeni hili: impakti ni ya kufungua na ya kusogeza. Mzunguko wa mwisho wa kitu kinachobeba roho za watu ukazwe kwa mkono wenye spana ya torki. Na wewe mwenye gari, ukitoka gereji leo, muulize fundi nati zako zimekazwa kwa kipimo gani. Akikujibu "zimekaza kabisa", usiondoke.